Kiwanja karibu na mto, mikoko au msitu Dar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanakuja kila siku kutoka kwa watu wanaotaka kununua, waliokwisha nunua, na wengine walioachiwa nyumba na wazazi huko bondeni hawajui waifanyie nini. Tumejibu kwa lugha ya kawaida tu. Kama tayari una kesi au umeshapewa notisi, hapa soma lakini nenda ukamwone wakili.

Nimeonyeshwa kiwanja karibu na mto, kikubwa, bei poa sana. Kuna ubaya gani?

Ubaya ni hiyo bei yenyewe. Dar ina watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, miaka kumi nyuma walikuwa 4,364,541, sasa mji unaoongezeka watu zaidi ya milioni moja ndani ya miaka kumi, mtu hakupi ardhi ya bure bure hivi hivi. Ukiona robo eka Kinyerezi au Goba inauzwa nusu ya bei ya jirani yake, ujue anayeuza anajua kitu ambacho wewe hujaambiwa. Mara nyingi kitu chenyewe ni mto, hata kama siku uliyopelekwa ulikuwa mkavu na watoto wanachezea mpira ndani yake.

Hizi mita 60 ambazo watu wanasema usijenge kutoka mtoni au baharini zinatoka wapi?

Zinatoka kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57. Inakataza shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka bahari, ziwa, kingo za mto au bwawa. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 nayo kwenye kifungu cha 7 inazungumzia ardhi hatarishi, na humo wametaja mabwawa ya mikoko, ardhioevu, miteremko mikali na hayo hayo maeneo ya kando ya mito na fukwe.

Zinapimwa kuanzia kwenye ukingo, sio katikati ya maji. Na hapa ndo watu wanaumia, kwa sababu ukingo unahama. Mito yetu ya mchanga kama Mbezi, Tegeta na Mpiji inakula kingo kila masika, kwahiyo mtu aliyejenga akiwa mbali na mto miaka kumi na tano iliyopita leo amekaa nao mlango kwa mlango, na yeye hajasogea hata hatua moja.

Muuzaji ana karatasi ya serikali ya mtaa, ina mhuri na mashahidi. Haitoshi?

Inatosha kuonyesha kwamba fulani kampa fulani hela. Basi. Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kusema eneo hili linajengeka au halijengeki, hiyo ni kazi ya mipango miji, na ile asilimia kumi mnayotozwa mkiuziana hakuna sheria ya ardhi inayoitaja. Sisemi wenyeviti wote ni wabaya, wapo wanaokwambia kabisa "mwanangu hapa usinunue", lakini wapo pia wanaogonga mhuri kwenye karatasi ya kiwanja ambacho wao wenyewe walikiona kimefunikwa na maji mwaka juzi.

Lakini nyumba za pale zina umeme na maji ya DAWASA. Si maana yake serikali inatambua?

Hili swali linaulizwa kuliko yote na tunaelewa kwa nini. TANESCO anauza umeme, DAWASA anauza maji, na kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla. Mita haiulizi iko mlimani au bondeni, inakata tu. Watu wamelipa kodi ya jengo kwa nyumba ambazo afisa wa mazingira akipita anaziwekea X nyekundu ya kubomolewa ukutani. Inauma na kwa maoni yetu sio haki hata kidogo, serikali moja haiwezi kukupokea kwa mkono wa kulia ikakufukuza kwa wa kushoto, lakini ukifika mbele ya hakimu risiti ya LUKU haigeuki kuwa hati.

Nitajuaje mwenyewe kabla sijaanza kulipa wataalamu?

Kwanza usiende Agosti. Nenda masika, Machi mpaka Mei, au vuli zikishika vizuri. Dalali atakuharakisha, mwambie una safari.

Ukifika angalia kuta za nyumba za jirani, sio kiwanja. Maji ya tope yakikaa ukutani yanaacha mstari wa rangi ya chai, na hata wakipaka chokaa juu yake unatokeza tena baada ya muda. Angalia milango: ukikuta vizingiti vya zege vya urefu wa goti, au ngazi tatu za kupanda halafu mbili za kushuka ndani, hiyo familia haikufanya urembo. Viroba vya mchanga vimepangwa nyuma ya choo, matairi ya gari yamejazwa udongo yakapangwa ngazi ngazi kwenye ukingo, soketi za umeme zimepandishwa usawa wa kifua. Halafu angalia kinachoota. Matete, mafunjo na magimbi hayapendi sehemu kavu. Udongo mweusi unaonata kwenye kiatu wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa jua utakusumbua msingi hata kama mto haukufikii.

Baada ya hapo kaa kwa mama ntilie, agiza chai, uliza mvua za mwisho zilifika wapi. Usiseme unanunua. Ukisema unanunua kila mtu anakuwa dalali.

Na kwa njia rasmi naanzia wapi?

Anzia kwa afisa mipango miji wa halmashauri husika. Dar kuna Jiji la Dar es Salaam, hiyo ndo Ilala ya zamani, ilipewa hadhi ya jiji 2021, halafu manispaa za Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni. Omba uonyeshwe mchoro wa mipango miji wa eneo hilo, uone kiwanja chako kimeangukia kwenye makazi, eneo la wazi, barabara au hifadhi ya mto. Kama muuzaji ana hati, fanya sechi, yaani ukague kumbukumbu za hati hiyo, kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa, usikubali kopi aliyoitoa kwenye simu.

Kama kuna mto, bodi ya maji ya bonde la Wami/Ruvu ndio wenye mto. NEMC, baraza la taifa la mazingira, wanahusika na mazingira kwa ujumla. Kama kuna mikoko au msitu wa serikali nenda TFS, wakala wa misitu wa serikali. Ndiyo, ni ofisi nyingi na kila moja inaweza kukwambia nenda kwa mwenzake, ndo maana tunashauri uombe majibu kwa barua, hata fupi. Afisa akikwambia kwa mdomo "hapo hamna shida" mwombe aandike, utaona sura inabadilika.

Mimi nitajaza kifusi, nipandishe kiwanja mita mbili. Si nimemaliza tatizo?

Umelihamishia kwa jirani. Maji yaliyokuwa yanalala kwenye kiwanja chako yataenda kulala kwake, naye mwakani atajaza kifusi chake juu kuliko chako, na mtaa mzima unaishia kushindana urefu wakati mkondo unabanwa na maji yanaongezeka kasi. Pia kifusi kilichomwagwa na malori bila kushindiliwa kinatitia, nyumba inapasuka pembeni ya madirisha kwanza. Tumeona kuta zimefungwa kwa nondo za nje kama mguu uliovunjika.

Kwa nini Jangwani inajaa kila mwaka? Si wasafishe tu mtaro?

Wanasafisha. Tatizo linaanzia mbali, na hapa ndo uhifadhi na mipango miji vinapokutana.

Mto Msimbazi unatokea milima ya Pugu, kule Kisarawe, unashuka kupita Gongo la Mboto, Kinyerezi, Tabata, Vingunguti, Kigogo, unaingia Jangwani na kutokea baharini pale daraja la Salender. Zamani sehemu kubwa ya huko juu ilikuwa msitu, mashamba ya mikorosho na vichaka, mvua ikinyesha maji mengi yanazama ardhini, yanayobaki yanashuka taratibu. Sasa huko juu ni mabati, sakafu na barabara za vumbi zilizoshindiliwa. Mvua ile ile, inafika mtoni haraka zaidi na kwa wingi zaidi.

Halafu kuna mchanga. Miteremko iliyokatwa miti na kuchongwa viwanja inamomonyoka, mchanga unasombwa mpaka bondeni, na ukifika Jangwani ambako ni tambarare na karibu na bahari maji yanapoteza nguvu, mchanga unatulia hapo hapo. Sakafu ya mto inapanda, nafasi chini ya daraja inapungua. Ongeza takataka za plastiki. Ongeza maji kujaa baharini saa ile ile ambayo mvua imenyesha, mto unakosa pa kutokea. Unaweza kuchimba mchanga Jangwani kila mwezi, bila kushika kule juu utakuwa unachimba mchanga wa Kisarawe maisha yako yote.

Mvua za Desemba 2011 ziliua watu zaidi ya 40 Dar. Waliokuwepo wanakumbuka watu walivyolala juu ya mabati.

Lakini serikali yenyewe si ilijenga karakana ya mwendokasi hapo hapo Jangwani?

Ilijenga. Mabasi yalianza 2016 na karakana ikafurika mara kadhaa mpaka huduma kusimama. Mpango kabambe wa 1979, yaani ramani kuu ya jiji ya wapi pajengwe nini, ulikuwa umeyaacha mabonde ya mito yasijengwe, na aliyejenga karakana pale hakuwa mama wa Kigogo asiyejua kusoma ramani. Mtu akikuletea hoja kwamba mafuriko yanaletwa na "wavamizi wa bondeni" mkumbushe hilo.

Tuongeze na hili: mpango wa 1979 ulikuwa wa miaka ishirini. Ukaisha, na mpango kabambe mwingine wa jiji, ule wa 2016 mpaka 2036, ukachelewa sana kuja. Katikati hapo watu hawakusimama kuzaana na kuhamia mjini, waliendelea kujenga, na aliyewapangia viwanja ni dalali.

Waliobomolewa nyumba huko mabondeni walilipwa?

Inategemea wakati gani. Baada ya mafuriko ya 2011 waathirika wengi walipelekwa Mabwepande wakapewa viwanja, baadhi wakarudi mjini kwa sababu Mabwepande ni mbali na vibarua vyao viko Kariakoo na Ilala, nauli tu inamaliza hela ya siku. Bomoabomoa ya Desemba 2015 na Januari 2016 wengi hawakuambulia kitu, kigezo kikiwa kwamba wako kwenye ardhi isiyoruhusiwa.

Mradi wa sasa wa bonde la Msimbazi ni tofauti, kwa sababu Benki ya Dunia waliouidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022 wana masharti yao kuhusu watu wanaohamishwa, hata asiye na hati anafidiwa jengo lake. Manung'uniko yalikuwepo na bado yapo, hasa thamani ya ardhi, maana ukilipwa kibanda cha Jangwani huwezi kununua kitu chochote karibu na mjini kwa hela hiyo.

Mradi ukiisha pale kutakuwa na nini?

Daraja jipya la juu zaidi, mto kutanuliwa, karakana kuhamishwa, bustani kubwa ya jiji na sehemu za pembeni zilizoinuliwa kwa ajili ya majengo. Wazo la kuiacha bonde ifurike inapotaka kufurika, ila ifurike bustani badala ya vyumba vya watu, ni wazo zuri na tunaliunga mkono. Wasiwasi wetu ni hayo majengo ya pembeni: nani ataishi humo? Maana ardhi iliyokuwa "hatarishi" kwa maskini ikiinuliwa na kupakwa nyasi huwa inapata bei ghafla.

Kiwanja cha baharini kina mikoko kidogo tu, naweza kuikata?

Hapana. Mikoko yote ya pwani ya Tanzania bara ni hifadhi ya msitu chini ya serikali kuu, TFS ndo wasimamizi, hata kama imeota ndani ya uzio wako. Hakuna "kidogo tu".

Na hata ukiacha sheria, fikiria unachokata. Mchu unatoa vijiti vya mizizi vinavyochomoza juu ya tope, hivyo ndo unapumulia, na katikati yake tope linakamatwa, kaa wanachimba, samaki wadogo wanajificha. Mkoko wenyewe ule wa mizizi ya kujipinda juu juu unapunguza nguvu ya wimbi kabla halijafika nchi kavu. Pita Kunduchi au Mbweni maji yakiwa yametoka utaona tofauti ya sehemu yenye mikoko na sehemu iliyojengewa ukuta, ukuta unachimbwa chini mpaka unaegemea.

Mjenzi mzoefu atakwambia jambo jingine: chumvi. Nyumba iliyojengwa juu ya tope la mikoko lililofukiwa inapanda chumvi ukutani, plasta inamenyeka, nondo zinashika kutu ndani kwa ndani. Utapaka rangi kila mwaka.

Mbona mahoteli na majumba makubwa yako ndani ya mita 60 na hayaguswi?

Mengine ni ya kabla ya 2004. Mengine yana vibali, ukitaka kujua vilipatikanaje uliza walioviandika. Mengine yamevunja sheria tu na mwenyewe ana simu ya mtu. Hatuna jibu zuri kuliko hili na hatutaki kukudanganya. Ila usijenge kwa kufuata mfano wao kama wewe huna hiyo simu.

Shamba linapakana na msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Chanika. Salama?

Kupakana sio kosa. Kosa ni kuwa ndani, na Kazimzumbwi ina historia ndefu ya watu kuuziwa ndani kisha kuondolewa, wakaja wengine wakauziwa tena pale pale. Tafuta bikoni za mpaka na mabango, lakini usitegemee bikoni peke yake maana zinang'olewa, nenda na mpima mwenye vifaa, mchukue vipimo vya kona zote na mpeleke TFS wakulinganishie na ramani yao.

Ukiwa jirani wa msitu kuna mambo ya kukubali: huchomi shamba kiangazi bila mpango, huchomi mkaa, na usiku popo wanapita, wale wanalala kwenye mapango ya machimbo ya zamani ya kaolini pale Pugu. Kwa upande mwingine una hewa ambayo mtu wa Manzese hajaivuta miaka.

Mtaani kwetu tunafanya urasimishaji, yaani makazi yaliyojengwa bila mpango yanapimwa ili yapewe hati. Nyumba yangu iko kama mita 40 kutoka mtoni, nitapata hati?

Kwa kawaida hapana, mchoro unaacha ukanda wa mto na nyumba yako inaangukia humo. Hata leseni ya makazi, sheria inasema ni kwa ardhi isiyo hatarishi. Wasipokwambia mapema unachanga hela ya upimaji pamoja na wenzako halafu mwishoni jina lako halipo, kwahiyo kabla hujatoa senti muulize mpima mbele ya mkutano: ukanda wa mto mmeuchora wapi, na nyumba zipi zimo? Kama ni kijito kidogo au mfereji tu, wapima huwa wanapishana majibu, hapo ndo nenda bodi ya bonde.

Uwanja wa wazi wa mtaa wetu umezungushiwa mabati, tunaambiwa umeuzwa. Tufanye nini?

Haraka. Mabati yakishakuwa ukuta na ukuta ukishakuwa fremu za maduka kazi inakuwa ngumu mara kumi. Kubadilisha matumizi ya ardhi kuna utaratibu wake: tangazo linabandikwa kwenye kiwanja, linatoka gazetini, na majirani wanapewa muda wa kupinga. Kama hamkuona tangazo andikeni pingamizi kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa kamishna msaidizi wa ardhi wa mkoa, sahihi nyingi iwezekanavyo, ambatanisheni picha zenye tarehe na nakala ya mchoro wa mtaa unaoonyesha eneo la wazi. Mchoro ni silaha kuliko kelele.

Kuna mji wowote hapa kwetu uliofanikiwa kuokoa msitu wake?

Nairobi, Karura. Hekta zaidi ya elfu moja katikati ya mji, miaka ya tisini vipande vilianza kugawiwa kwa watu wenye majina, mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake wakaenda kupanda miche kwenye maeneo yaliyofyekwa, Januari 1999 wakapigwa na walinzi pale getini mpaka damu. Leo kuna uzio, njia za kutembea na baiskeli, watu wanalipa kiingilio. Uzio wenyewe una kasoro yake kwa jirani aliyekuwa anaokota kuni, lakini msitu upo.

Nimeshajenga bondeni, sina pengine pa kwenda. Niuze?

Kumuuzia mwenzio bila kumwambia ni kumtupia yeye mzigo, na akikushtaki utasema nini. Kaa, lakini acha kuongeza vyumba, hela uliyotaka kumwagia zege anza kuilipia kiwanja kidogo kwingine hata kama ni mbali. Piga picha za nyumba, weka risiti zote na majina ya wanafamilia wanaoishi hapo, ili zoezi la uthamini likija uhesabiwe kamili. Vyeti na vitambulisho viwe juu ya kabati ndani ya mfuko wa nailoni. Na usiwahi kusaini fomu ya uthamini ambayo haijajazwa namba.

Sijengi. Naweza kulima mchicha tu?

Bustani ya msimu haijengi kitu cha kudumu, ila bodi ya bonde wanaweza kukuzuia usifike kwenye kingo. Shida kubwa zaidi ni maji yenyewe. Msimbazi unapokea maji ya viwandani, ya machinjioni na ya vyoo, na matembele hayachagui. Ukipata eneo juu ya Kinyerezi afadhali, chini ya Vingunguti panda maua.